Laini ya Juu Hawajaridhika

Alhamisi jioni Nanyama alimwogesha mwanawe kwenye karai huku akimhutubia kama mtu mzima.

"Ndugu wakaazi," akamwambia, akimmwagia maji mgongoni, "je, mmeridhika na kazi iliyofanywa katika laini yenu?"

Quincy alikuwa na meno mawili tu, na bado hajaweza kusimama. Akayapiga maji kwa viganja vyote viwili hadi nusu yakaishia sakafuni.

"Asante," Nanyama akasema, akijipangusa uso. "Jibu lako limepokelewa."

Tangu Jumanne alikuwa hashikiki kwa furaha. Kesho, Ijumaa asubuhi, mbele ya mtaa mzima wa Behewani, yeye ndiye angeuliza swali. Yeye Nanyama aliyeacha shule darasa la nane, na ambaye sasa alikuwa akiitafuta elimu upya katika masomo ya jioni, mtoto mgongoni na kalamu mkononi, akiyapenda maneno kama "aidha" na "hata hivyo" jinsi wengine wanavyopenda vitambaa vipya. Na jibu la swali hilo ndilo lingeamua kama mafundi watashuka hadi mlangoni kwake au la.

Nyumba za Behewani zilijengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Zilikuwa ndefu na nyembamba kama mabehewa yaliyosahauliwa stesheni, zikishuka mteremko kuelekea upande wa ziwa kwa safu mbili, Laini ya Juu na Laini ya Chini. Mvua ikinyesha, maji yalitoka barabarani, yakapita Laini ya Juu yakikusanya ndara, vifuniko vya sufuria na vifaranga, kisha yakabisha hodi kwa Nanyama, Laini ya Chini, pamoja na mizigo yote hiyo. Usiku wa mvua alimlaza Quincy juu ya meza. Yeye na mumewe Makokha walichota maji kwa sufuria wakayamwaga nje kupitia dirishani, maana mlangoni ndiko yalikokuwa yakiingilia.

Katikati ya mwaka huo wa 2008, watu waliporudi kutoka kambi walizokimbilia baada ya uchaguzi, mradi ukaja. Ulianza na Laini ya Juu. Kila paa likafungiwa gata, mfereji wa kukinga maji ya mvua, na kila nyumba nne zikapata tangi moja jeusi, kubwa kama chumba. Uwanja wa matope ukatandikwa kabro, yale matofali ya sakafu ya nje, zenye nafasi katikati ili maji yapenye. Kandokando yake ukachimbwa mtaro ambao haukufanana na mtaro wowote wa Nakuru. Ulikuwa mpana na wa kina kifupi, kokoto chini na nyasi juu. Maji yakiingia humo hayakukimbia tena. Yalikaa kidogo kama wageni wenye adabu, kisha yakazama ardhini.

Nanyama alikuwa akipanda huko juu kila jioni kutazama tu. Alilitazama tangi la Mama Mercyline, kiongozi wa kwaya, kuliko yote. Mafuriko yalimchosha, ndiyo, lakini lililomuuma zaidi lilikuwa meno. Maji ya visima vya Nakuru hupaka meno ya watoto rangi ya chai kabla hayajaota, na ukishapakwa, umepakwa. Yeye mwenyewe alizaliwa na kukulia Behewani, na hakuna picha yake hata moja ambamo anacheka bila mkono mdomoni. Maji ya mvua hayana tabia hiyo. Quincy alikuwa na meno mawili meupe kama punje za mchele, na meno yake ya ukubwani yalikuwa yanajitengeneza humo ndani ya ufizi, yakisubiri kuona mama yake atayapa maji gani.

"Ofisi kubwa inamtuma mtu kutoka Nairobi," Karishma alikuwa amemwambia Jumanne. Karishma ndiye aliyekuwa enjinia wa mradi, binti ya Pradeep mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. "Anaitwa Joash. Akisikia watu wa Juu wameridhika, Jumatatu tunaanza Chini, kabla hii mvua haijashika."

"Na wakikataa?"

"Watakataaje? Umeona Mama Mercyline na lile tangi? Analipanguza kuliko watoto wake."

"Sasa mbona usiulize wewe mwenyewe, enjinia?"

Karishma akacheka. "Mimi nikisimama pale wananiona binti ya Pradeep. Nitauliza swali, wao wataniuliza bei ya misumari."

*

Ijumaa wingu lilikuwa limekaa juu ya Menengai tangu alfajiri, zito na lisilo na haraka. Watu walikusanyika uwanjani, wa Juu wamevaa nguo za Jumapili, wa Chini wamesimama kando, maana siku hiyo hawakuwa na la kuulizwa. Nanyama alimbeba Quincy upande mmoja wa kiuno. Jirani yake Wangare, ambaye vyumba vyao vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, alimkagua juu hadi chini.

"Leo umechana nywele kama mtangazaji wa habari."

"Nyamaza, Wangare. Nitasahau swali."

"Huwezi kulisahau. Mimi pia nimelikariri, ukuta wetu hauna siri."

Joash alifika akiwa ameliacha gari lake upande wa chini, karibu kabisa na mlango wa Nanyama. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye viatu vya kung'aa. Alisalimia vizuri, akasifu watoto, akatazama wingu.

"Tusipoteze siku kwa makaratasi," akasema. "Mama huyu atauliza. Watu wa Laini ya Juu, mlioridhika msimame pale kwenye tangi. Ambao hamjaridhika, pale getini. Nitaona kwa macho yangu, basi."

"Kura ya mlolongo tena?" akauliza Mzee Naftaly kutoka nyuma. "Mimi nilidhani huo tuliuzika."

Wazee wakacheka. Mzee Naftaly alistaafu reli kitambo, lakini bado alivaa koti lake la kazi na kutembea na mwavuli, jua liwake lisiwake. Alikaa nyumba ya kwanza kabisa Laini ya Juu, na neno lake lilisikika upesi kuliko la mwenyekiti.

Nanyama akapanda juu ya jiwe. Sauti ilitoka safi.

"Ndugu wakaazi wa Laini ya Juu. Mmekaa na kazi hii, mmeitumia, aidha mmeiona wakati wa mvua. Je, mmeridhika nayo?"

Akawatazama watu wa Laini ya Juu, nao wakatazamana wao kwa wao kama wanafunzi waliokwisha kupeana majibu. Kisha Mzee Naftaly akaukunja mwavuli, akauweka kwapani, akatembea polepole kuelekea getini.

Nanyama akadhani mzee amekosea njia. Lakini Mama Mercyline naye akainua pindo la gauni lake, akamfuata. Kwaya nzima ikamfuata Mama Mercyline. Wakafuata vijana, wakafuata akina mama wenye watoto mgongoni, hadi geti likajaa watu na mwingine akaning'inia juu yake. Kwenye tangi alibaki kuku mmoja tu, akinywa matone ya bomba.

"Hata mtu mmoja?" Joash akauliza.

"Kuku ameridhika," akasema Wangare.

Hakuna aliyecheka. Karishma alikuwa ameshika kiuno kwa mikono miwili, akitazama gata aliloling'ang'ania hadi likakaa sawa, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyepika karamu ikamwagwa.

Joash hakukasirika, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. "Sawa," akasema. "Mimi si mtu wa kulazimisha. Kitu kisichowafaa hapa juu siwezi kukirudia kule chini. Kuna mtaa mwingine umetuomba sana. Haya matangi tutayang'oa tuyapeleke huko, mtaro tuufukie, watu wa Laini ya Chini watusamehe."

Nanyama akashuka kutoka kwenye jiwe. Maneno yote mazuri ya masomo ya jioni yalikuwa yamemtoka. Alimbana Quincy kifuani, akamwona akiwa juu ya meza ile ile, mvua nyingine na nyingine, hadi awe mkubwa na kujifunza kuficha mdomo wake kwa mkono.

"Boss," Karishma akamwambia Joash, "angalau uzunguke nyuma uone kazi yenyewe. Umetoka mbali."

Joash akatazama tena wingu, akakubali, wakaenda nyuma ya nyumba.

*

Nanyama hakungoja. Alikata moja kwa moja kwenda getini.

"Mama Mercyline. Nimekukosea nini mimi?"

Mama Mercyline akamshangaa. "Nani amekosewa? Si tumekusaidia?"

"Mmenisaidia?"

"Punguza sauti." Mama Mercyline akamvuta pembeni, akanong'ona kwa furaha kama mtu anayetoa zawadi. "Tulikaa jana baada ya mazoezi ya kwaya. Tukasema, hawa wageni sisi tunawajua. Kule kambini si walikuja vivyo hivyo? Wakauliza, mmetosheka na maharagwe? Na sisi kwa adabu zetu tukajibu, tumetosheka, asanteni sana, Mungu awabariki. Lori ikarudi?"

"Haikurudi," Nanyama akasema taratibu. Alikumbuka vizuri. Quincy alikuwa mchanga, amezaliwa ndani ya hema, na wiki iliyofuata alimnyonyesha kwa nguvu za chai ya rangi.

"Basi. Watu wa Juu tukisema leo tumeridhika, hawa watafunga mizigo waende zao, nyinyi huko Chini mtaendelea kuogelea na vitanda. Lakini tukisema bado, itabidi wachimbe tena. Watachimba wee, wateremke, hadi wafike kwako." Akamfinya Quincy shavu. "Ama ulidhani sisi hatuoni mtoto akilazwa kwa meza?"

Wangare, ambaye alikuwa amewafuata, akatikisa kichwa. "Hata kambi yetu ilikuwa hivyo hivyo. Sisi ilikuwa blanketi. Tulisema asante mapema sana."

Nanyama hakujua acheke au alie. Watu hawa walikuwa wameligeuzia mgongo tangi wanalolipenda kuliko redio zao, wakalikana hadharani wakiwa wamevaa nguo za kanisa, kwa ajili yake. Na kwa wema huo huo walikuwa wamemzamisha.

"Mama, huyu si wa maharagwe," akasema. "Huyu ni kinyume. Huyu anataka kusikia ndiyo, ndipo ateremke. Hamkumsikia? Ataondoa hata yenu."

"Anatutisha tu," akasema Mzee Naftaly. "Mtoto, mimi nimeulizwa maswali na wakubwa tangu enzi za treni ya makaa. Swali likija na gari, jibu ni hapana."

"Lakini mzee..."

"Tukimbembeleza sasa atajua tumelegea. Wacha tukae hapa getini. Atapandisha bei yeye mwenyewe."

Wengine wakaitikia. Walikuwa na nyuso za watu wanaofanya jambo jema na gumu. Nanyama akaona wazi kuwa hata angesimama juu ya jiwe lile na kusema "hata hivyo" hadi jioni, hawangesogea.

Akageuka akalitazama tangi. Chini yake, kwenye kivuli, fundi wa mabomba alikuwa ameacha sanduku la vyombo vyake. Mpini wa spana ulikuwa umechomoza nje.

"Nishikie mtoto," akamwambia Wangare.

"Unaenda wapi?"

"Kung'oa tangi."

Alivuka uwanja, akapiga magoti kwenye kabro, akaichukua spana. Hakuwa amewahi kuishika maishani mwake. Aliibana kwenye mdomo wa bomba, akaning'inia kwenye mpini kwa uzito wake wote. Chuma kikalia. Tone moja likatoka, likafuatwa na mengine, kisha maji yakaanza kuchuruzika kwenye mkono wake hadi kiwikoni.

Kutoka getini sauti ikapaa ambayo kwaya yote pamoja haikuwahi kuifikia.

"Wewe! Unafanya nini na tangi langu?"

"Nang'oa, mama," Nanyama akajibu bila kugeuka. "Wewe si hujaridhika nalo."

"Nani amesema sijaridhika?"

"Wewe. Si umesimama getini?"

"Kusimama nimesimama, lakini toa mkono hapo!" Mama Mercyline alikuwa tayari anakimbia, gauni limekunjwa hadi magotini, na geti zima likimfuata. "Nanyama, nakupenda kama mtoto wangu, lakini hiyo spana nitakufunga nayo shingo."

"Watu wa mtaa ule mwingine wanalitaka, mama. Wacha wapate."

"Wanalitakia nini? Wanajua kulifunika? Wanajua paa linafagiliwa kwanza kabla ya mvua?" Mama Mercyline alijitupa mbele ya bomba, akalikumbatia tangi kwa mikono miwili, ingawa mikono haikufika hata robo yake. "Mercyline wangu haendi tena kioski cha maji na mtungi kabla ya shule. Anaenda shule akiwa amelala vizuri kama binadamu. Chai yangu siku hizi ina ladha ya chai. Na huo mtaro unaotaka kufukiwa una nduma zangu, umeyaona majani? Juzi mvua imenyesha nikalala. Nililala, Nanyama! Niliamka asubuhi nikauliza, kwani kulinyesha?"

Hapo kizuizi kikavunjika. Kila mtu alikuwa na lake, na hakuna aliyengoja zamu. Kijana mmoja akasema gambuti zake za matope zimepasuka kwa kukauka kabatini. Mwingine akasema hata vyura wamehamia, na mtaa sasa una kwaya mbili. Mama mmoja akalalamika kwamba nafasi za kabro zinakula visigino vya viatu vya Jumapili, mwenziwe akamwambia avae ndara kama Wakristo wengine. Mama wa tatu akasema bomba limewekwa chini sana, mtungi haukai. Lakini akiling'oa mtu tangi, akaongeza huyo wa tatu, atang'oa na mkono wake.

Nanyama alibaki amepiga magoti, nguo imelowa, akiwatazama. Ndipo alipomwona Joash amesimama kwenye kona ya nyumba na Karishma kando yake. Hakujua walikuwa pale tangu lini. Karishma alikuwa ameziba mdomo, mabega yanatetemeka kwa kicheko.

"Mama," Joash akamwambia Nanyama, "hebu nielezee. Hawa ndio walioniambia hawajaridhika?"

Nanyama akasimama, akajifuta mikono kwenye leso. Na akamweleza. Alimweleza habari ya maharagwe na ya blanketi, na mazungumzo baada ya kwaya, kwa Kiswahili cha kawaida, bila "aidha" hata moja. Joash alisikiliza akitazama viatu vyake. Alipoinua kichwa, haraka yote ilikuwa imemtoka usoni.

"Kwa hivyo mlidhani mkisema ndiyo, tunaondoka."

"Si ndivyo mnavyofanya?" akauliza Mama Mercyline, bado amelikumbatia tangi.

Joash akakuna shingo. "Wengine wetu, ndiyo," akasema mwishowe. "Lakini safari hii nimepewa kazi kinyume. Nikisikia kitu kimewafaa, ndipo nipewe ruhusa ya kukipeleka mbele. Haya, simameni tena. Na safari hii msinisaidie. Niambieni ukweli."

Nanyama hakuhitaji kuuliza swali mara ya pili. Walisukumana kuelekea tangi, wakacheka, wakakanyagana visigino, hata kuku akakimbia. Watu wa Chini wakaanza kupiga makofi. Karishma alikuwa anamwambia yule mama wa tatu kwamba bomba litapandishwa, Jumatatu hiyo hiyo, huku akiapa.

Kisha makofi yakapungua. Mzee Naftaly alikuwa amebaki getini peke yake, mwavuli umefunguliwa, amesimama kama nguzo.

Nanyama akapiga hatua moja kuelekea getini.

"Mzee," Joash akaita, "wewe hujaridhika?"

"Sijaridhika."

"Mzee Naftaly, mambo yamekwisha, njoo," akasema Mama Mercyline. "Tumeshatubu sote."

"Ameuliza ukweli, nampa ukweli." Mzee hakupandisha sauti. "Kwangu mimi pakavu, sikatai. Usiku wa mvua nalala nasikia maji yanazama kwa mtaro, shhh, vizuri sana, usingizi unaanza kunichukua. Halafu nasikia watu wa Chini wanachota na sufuria. Kwaa. Kwaa. Kwaa. Mpaka kuche. Sasa wewe boss niambie, mtu ataridhika vipi na kelele kama hiyo?"

Nanyama alitaka kumwangalia mzee lakini macho yalikuwa yamejaa, hivyo akamchukua Quincy kutoka kwa Wangare, akaficha uso wake kwenye shingo ya mtoto.

Na wingu la Menengai, lililokuwa limengoja kwa adabu tangu alfajiri, likashuka.

Ilikuwa mvua ile ya Nakuru isiyoanza na matone. Ilimwagika tu. Watu walikimbilia chini ya mapaa, na hakuna aliyeingia ndani, maana wote walitaka mgeni aone. Magata yakaimba. Matangi yakanguruma kama ngoma. Maji ya barabarani yalifika juu ya uwanja yakiwa mekundu na yenye hasira, yakaingia mtaroni kati ya nduma za Mama Mercyline, yakapunguza mwendo, yakatulia, yakaanza kuzama. Watu wa Laini ya Juu walimtazama Joash, wala si mtaro, wakifuata kila badiliko la uso wake.

"Angalia pale," Mama Mercyline akawa anamwonyesha, kana kwamba mvua ni kazi ya mikono yake. "Na pale. Na hapa chini ya miguu yako, kabro inakunywa."

"Naona, mama. Naona."

"Na gari lako pia unaliona?" akauliza Wangare.

Joash akageuka. Barabara ilikuwa na ukingo mwingine, ule wa upande wa chini ambao hakuna mtaro uliowahi kuufikia, na huko maji hayakuwa yamesikia habari za adabu. Yalikuwa yanateremka kwa kishindo, yamefika nusu ya magurudumu ya gari lake, na yaliyobaki yalikuwa yanaingia kwa mlango wa Nanyama kama watu wa nyumbani.

Nanyama alishamkabidhi Wangare mtoto kwa mara nyingine na alikuwa anakimbia. Alisikia nyayo nyuma yake, akadhani ni Karishma. Alipofika ndani, akaokota sufuria iliyokuwa ikielea, akageuka, akakutana na Joash mlangoni, viatu vya kung'aa vimefungwa kwa kamba zao na kuning'inizwa shingoni, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Mnamwagia wapi?" akauliza.

"Dirishani."

"Kwa nini dirishani?"

"Jaribu mlangoni uone."

Akajaribu mlangoni. Yakamrudia. Akachukua sufuria ya pili, akaenda dirishani bila kusema zaidi. Karishma akaja na karai la Quincy. Makofi ya maji yakaanza, kwaa, kwaa, na kutoka Laini ya Juu, kupitia mvua yote ile, sauti ya Mzee Naftaly ikateremka.

"Boss! Unasikia sasa?"

"Nasikia, mzee," Joash akapaza sauti akichota. "Hata mimi sijaridhika."

*

Jumatatu mafundi walifika kabla chai haijachemka. Walichomeka vigingi kutoka barabarani hadi mwisho wa Laini ya Chini, wakavuta kamba nyeupe katikati yake, na kigingi kimoja kikakaa hatua chache kutoka mlango wa Nanyama, mahali hasa ambapo maji yalizoea kuingilia. Tangi jipya lilikuwa limelazwa ubavu kwenye mkokoteni barabarani, likisubiri ukuta wa kulibeba. Wangare alikuwa ameshalizunguka akiligonga kwa vidole kama mtu anayenunua tikiti maji.

Nanyama alikuwa anaanua nguo, masikio yakiwa kwenye majembe. Hakumwona Quincy akitoka kwa kutambaa. Alipogeuka, mtoto alikuwa ameshafika kwenye kigingi. Alikishika kwa mkono mmoja, akashika kamba kwa mwingine, akajivuta. Magoti yakatetemeka. Akajivuta tena. Akasimama, mikono yote miwili kwenye kamba ya mafundi, akamtazama mama yake kama mtu aliyefika kileleni akakuta hakuna wa kumpokea.

"Mama Quincy," fundi akalalamika kutoka mwisho ule mwingine, "huyo anavuta kamba. Kipimo chote kimepinda."

Nanyama alikuwa anacheka, nguo zimemwanguka miguuni, mdomo wazi kabisa. Mikono yake ilikuwa imenyooshwa mbele kwa mtoto, na hakukumbuka hata kidogo kuipeleka mdomoni.

Mzee Naftaly alikuwa ameshusha kiti chake hadi kwenye ukingo wa Laini ya Juu, tayari kwa siku nzima, mwavuli magotini.

"Pimeni upya," akawaambia mafundi. "Mtoto amesimama. Kwani nyinyi mna haraka ya kwenda wapi?"